Karatasi za bure zilivyotuponza

HODI ilipigwa Jumamosi moja ya mwaka 2023, saa kumi jioni, nikiwa nimejinyoosha kibarazani na msuli wangu, redio pembeni, sina habari na mtu. Nikajua ni mdai. Wadai wana hodi yao, wanaita mara tatu bila kupumua. Lakini hii ilikuwa sauti ya binti, tena ya upole.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Alipoinua uso nikajikuta nimekaa wima. Msomaji wangu, yule binti alikuwa na paji la uso la mtu tuliyemzika mwaka 2003. Hakuhitaji kujitambulisha. Alikuwa mtoto wa mshikaji wangu ambaye hapa nitamwita Fundi, maana ndivyo tulivyomwita wote pale Mwananyamala, na jina lake halisi nawaachia wenyewe nyumbani kwake. Baba yake anafariki, huyu mtoto alikuwa hata hajatambaa vizuri. Mama yake akamchukua wakaenda zao Morogoro kwa wazazi. Mimi nami, niseme ukweli, nikapotea. Salamu za sikukuu, basi.

Sasa alikuwa dada wa miaka 20 na ushei, begi mgongoni, na alikuja na shida mbili.

Ya kwanza: anachora manga, anataka nimsaidie kuchagua karatasi. Manga, kwa wewe ambaye huna kijana nyumbani, ni zile katuni za Kijapani, zenye watu wa macho makubwa na nywele zilizosimama kama wamepigwa shoti ya umeme, na kitabu chake kinafunguliwa kutoka kulia. Vijana wa siku hizi wanazipenda, usipime.

Ya pili: "Mama amesema michoro ya baba unayo wewe. Mimi sijawahi kuona hata mmoja."

Shida ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Nikafanya kama wafanyavyo waoga wote, nikaanza na ile ya kwanza.

Mama yake alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo, akamkatia fungu. "Nenda kanunue hizo karatasi zako, zikiharibika usinililie." Binti akapania kuagiza kutoka nje karatasi maalumu za manga, zile zenye mistari ya bluu hafifu ya kuongozea. Akanionyesha picha yake kwenye simu.

"Ila ba'mdogo, kuna kitu kinanitisha. Hapa wameandika kilo 110. Nitaweza kweli kulipia usafiri wa kilo 110?"

Nilicheka mpaka jirani akachungulia. Nikamwambia, hapana mwanangu, Wajapani wana hesabu yao. Wanachukua karatasi 1,000 za saizi kubwa ya kiwandani, milimita 788 kwa 1,091, wanazipima kwenye mizani. Zikifika kilo 110, basi karatasi ile inaitwa ya kilo 110, hata ikishakatwa vipande vidogo. Sisi huku tunahesabu gramu za mita moja ya mraba. Ukipiga hesabu, kilo 110 ya kwao ni kama gramu 128 ya kwetu. Iko na nzito zaidi, ya kilo 135, hiyo ni kama gramu 157.

"Na hii ya fotokopi?"

"Ya kawaida ni gramu 80."

Nikaona nimpe na siri ya hizi herufi za A, maana watu wengi wanazitaja kila siku bila kujua zilikotoka. Karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Ikunje katikati uikate, unapata A1. Kata tena, A2. Kata tena, A3, halafu A4. Kwa hiyo A4 ni kipande kimoja kati ya 16, milimita 210 kwa 297. Ya gramu 80 inakuwa na uzito wa gramu tano tu, na rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Siku ukishika rimu dukani ukaona nyepesi kama mkate wa jana, anza kuuliza maswali.

Utamu wa A ni huu: kila ukikata katikati, umbo linabaki lile lile. Ukichora kwenye A3, mchoro ukipunguzwa kuwa A4 unaingia wote, haukatwi kichwa wala mguu. Unabaki na ukubwa wa asilimia 71 ya ule wa kwanza. Shikilia hapo kwenye mguu, nitarudi.

Wajapani wachora manga wao wana desturi ya B4, tena B4 yao wenyewe, milimita 257 kwa 364, ambayo ni kubwa kidogo kuliko B4 ya kimataifa. Ndani yake kuna fremu ya milimita 180 kwa 270, na mambo yote muhimu, nyuso na maneno, yanakaa humo. Kazi ikienda jaridani inapunguzwa kama asilimia 17. Wanaojichapia wenyewe vitabu vidogo, wengi huchorea A4, fremu yao ni milimita 150 kwa 220, na mchoro unachapwa kwa ukubwa ule ule ulivyochorwa.

Binti alikuwa anaandika yote kwenye simu. Kisha akaniuliza swali zuri.

"Lakini ba'mdogo, mbona yale majarida ya manga yenyewe yamechapwa kwenye karatasi mbovu?"

Kweli kabisa. Jarida kama Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, linachapwa kwenye karatasi nyepesi, inayokwaruza mkono, nyingine imetiwa rangi. Mtu anasoma kwenye treni, akimaliza anatupa. Lakini mchoraji hakuchorea kwenye karatasi ile. Alichorea kwenye karatasi nyeupe, nene, laini. Karatasi ya msomaji imetengenezwa itupwe. Ya mchoraji inatakiwa ibaki. Mwaka 2019 makumbusho ya British Museum pale London yalifanya maonyesho makubwa ya manga, watu wakapanga foleni kutazama kazi za wachoraji. Mkono wa mchoraji ungeukuta humo.

"Haya yote uliyasomea wapi?" akauliza.

"Kwa baba yako."

Hapo nikawa nimejifungia mlango mwenyewe. Ikabidi nisimulie.

Mwaka 1995 mimi na Fundi tulikuwa tumepanga chumba kimoja. Ule ulikuwa wakati magazeti ya watu binafsi yanachipuka kila kukicha, kila kona kuna jarida jipya, na kila jarida linataka katuni. Mimi nilikuwa mtoto wa jarida la Sani, lile la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ambalo jina lake lilitokana na Sa ya mmoja na Ni ya mwingine. Ndumilakuwili na Lodilofa niliwajua kuliko wajomba zangu. Nikajiona nami naweza.

Fundi yeye alikuwa mchora ramani za nyumba. Alikuwa anamnakilia kontrakta mmoja michoro, analipwa kwa ukurasa. Ndiyo maana alikuwa na zile kalamu za Rotring, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzigusa. Mimi nilikuwa na biki.

Kazi yangu ya kwanza niliichora usiku mmoja kwenye fulskapu, karatasi ndefu za kudurufia nilizopewa na mwalimu mmoja. Hadithi ilikuwa ya bwana mmoja mtanashati, anatembea mtaani anaringa kwa suti, anawadharau watu wote. Picha ya mwisho chini kabisa, unamwona miguuni: kiatu kimoja cha kiume, kingine cha mkewe. Amevaa gizani. Kichekesho chote kilikuwa kwenye viatu.

Nikapeleka kwenye jarida moja, jina nalihifadhi. Wakaipokea. Wiki iliyofuata nikanunua nakala tano, nikagawa mtaani kwa majivuno. Kufungua ukurasa, yule bwana hana miguu!

Msomaji wangu, ile ilikuwa kasheshe. Fulskapu ina urefu wa sentimita 33 kwa upana wa 20 na kidogo. Jarida lilikuwa saizi ya A4. Wale jamaa walivyofanya mchoro ujae upana wa ukurasa, urefu ukazidi kwa zaidi ya sentimita nne, na wao bila kumuuliza mtu wakakata chini. Kimeo! Mtaani watu wakanisimamisha: "Kaka, katuni yako tumeisoma, sasa inachekesha wapi?" Muuza kahawa mmoja akaniambia labda ni ya wasomi.

Fundi hakunicheka. Alicheka kidogo, halafu akanikalisha chini. Akachukua karatasi kubwa ya manila, akaiweka sakafuni. Kwenye kona ya chini kushoto akalaza karatasi moja ya A4, kona kwa kona. Akachukua rula ndefu, akapiga mstari wa penseli kutoka kona ile ya chini, ukapita kwenye kona ya juu kulia ya A4, ukaendelea mbele mpaka ulipokwisha ubao.

"Popote utakaposimama kwenye huu mstari," akasema, "ukishuka chini na ukienda pembeni, umepata umbo la A4. Kubwa utakavyo, lakini umbo ni lile lile. Kwanza uliza gazeti lao lina saizi gani, ndipo uchore."

Mstari mmoja tu wa mshazari. Sikuwahi kufundishwa kitu kikubwa zaidi ya kile katika kazi hii.

Basi tukaanza kitabu chetu wawili, kurasa 32, hadithi ya kuli wa bandarini. Maneno yangu, michoro ya Fundi zaidi. Tulinunua manila nyeupe Kariakoo, tukakata, na Fundi akachora kwa wino mweusi wa chupa. Kurasa nne za kwanza zilikuwa bomba. Mstari wake ulikuwa unakaa juu ya karatasi kama uzi, hauvuji, hauchezi.

Halafu mwezi ukafika. Kodi haikutosha. Hali ilikuwa ya ukapa kweli kweli, tunakula mihogo asubuhi na jioni, na mwenye nyumba ameshaanza kutusalimia kwa jina la ukoo. Nikapiga hesabu ya manila, wino na nauli za Kariakoo. Nikampandishia Fundi sauti mbele ya wapangaji wenzetu.

"Unakula kodi yetu kwa makaratasi! Mchoro ni mkono, siyo karatasi. Aliye fundi anachora hata kwenye mfuko wa sukari."

Maneno matamu, siyo? Nikaenda kwa mlinzi mmoja wa kiwanda cha uchapaji, akanipa bure mabaki ya karatasi za gazeti, zile zinazobaki mwishoni mwa roli. Mzigo mzima. Nikarudi nyumbani kama niliyeshinda bahati nasibu.

Fundi alishika ile karatasi, akaisugua kwa kidole gumba, akaiinua kwenye mwanga. Akasema, "Hii inakunywa." Basi. Hakubishana tena na mimi. Kurasa 28 zilizobaki alizichora kwenye karatasi zile.

Na kweli ilikuwa inakunywa. Karatasi ya gazeti haikupakwa ile dawa ya kuzuia majimaji ambayo karatasi ya kuandikia inapakwa, kwa hiyo wino wa chupa ukigusa tu unatawanyika, mstari unaota manyoya. Nibu ya kalamu inakwaruza nyuzi, inabeba uchafu, inatema doa. Fundi akaacha wino. Akachora kwa biki, na sehemu nyeusi akajaza kwa makapeni. Mtu aliyekuwa na mkono wa dhahabu nikamfanya achore kwa biki ya bluu.

Kitabu hakikutoka. Mhariri aliyetuahidi, jarida lake lilikufa kabla hatujamaliza. Lile biki la bluu nalo lingetutesa, maana kamera za kupigia michoro za wakati ule zilikuwa hazioni vizuri rangi ya bluu, ndiyo sababu wachoraji walikuwa wakitumia penseli ya bluu hafifu kuchorea rasimu bila hata kuifuta. Maisha yakaendelea. Fundi akaoa. Mimi nikaenda kwenye mambo mengine. Mwaka 2002 akaanza kuugua, mwaka uliofuata tukampeleka makaburini. Kabla hajaondoka alinikabidhi bunda lote. "Weka wewe," alisema, "kwangu kuna mvua." Bati lake lilikuwa linavuja.

Nikaweka kwenye tranka langu la shule, chini ya kitanda. Nikafunga na kufuli. Nikajua nimetunza.

Binti alikuwa ananitazama.

"Tunaweza kufungua?"

Tukalivuta tranka mpaka kibarazani kwenye mwanga. Nilikuwa sijalifungua kwa miaka zaidi ya kumi. Ufunguo umepotea, ikabidi nivunje kufuli kwa nyundo. Harufu iliyotoka ilikuwa ya vumbi tamu, kama maktaba ya zamani.

Bunda lilikuwa juu, limefungwa kwa kamba ya katani. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chapati iliyoungua. Nikafungua kamba, kingo zikabaki mkononi mwangu. Binti akachukua ukurasa wa kwanza kwa mikono miwili, taratibu kama anabeba mtoto mchanga, na ukakatika katikati, pale ulipokuwa umekunjwa. Hakuuvuta. Ulikatika wenyewe.

Karatasi ya gazeti inatengenezwa kwa kusaga mti mzima mzima, na ndani yake inabaki ile gundi ya asili ya mti iitwayo lignini. Hewa na mwanga vikiipata, inageuka njano, kisha kahawia, na tindikali inakata nyuzi za karatasi kidogo kidogo mpaka inakuwa kavu kama jani la tumbaku. Huhitaji mchwa. Inajila yenyewe. Na biki nayo ilikuwa imefifia. Kwenye kurasa nyingi nililoona ni kivuli cha mtu, na pale palipojazwa makapeni, doa lililotokeza upande wa pili na kuzungukwa na duara la njano, kama mafuta ya maandazi.

Akachukua wa pili. Wa tatu. Kwenye wa tano akaacha.

"Hapa ni nani?"

Nilitazama. Nilikuwa sikumbuki. Mwenye kukumbuka hayupo, na mchoro ulikuwa hausemi.

Chini kabisa ya tranka, chini ya vyeti vyangu, palikuwa na zile manila nne.

Zilikuwa zimegeuka rangi kidogo, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Manila nayo si karatasi ya milele, usidanganywe. Lakini zilikuwa nzima, na wino ulikuwa mweusi kama ulivyochorwa jana. Kuli amebeba gunia la korosho, jasho linamtoka, nyuma yake meli, na juu ya meli kunguru mmoja anacheka. Binti alipeleka uso karibu mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Alikuwa anafuata mstari kwa macho, kama mtu anayesoma barua.

Kisha akageuza nyuma. Nyuma kulikuwa na mstari wa penseli wa mshazari, kutoka kona mpaka kona, na pembeni yake hesabu kwa mwandiko wa Fundi: 21 × 29.7, na chini yake 28 × 39.6. Theluthi moja zaidi kila upande. Binti akatoa rula kwenye begi, akapima fremu ya mbele. Sentimita 28 kwa 39.6, haikupungua hata milimita.

"Huu ni mwandiko wa baba?"

"Ndiyo huo."

Alikuwa hajawahi kuuona. Aliweka kidole juu ya ile 7 yake yenye kimstari katikati, akakiacha pale muda mrefu. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye tranka.

Halafu likaja swali nililolijua tangu alipopiga hodi.

"Ba'mdogo, mbona hizi nne tu ndizo zimebaki vizuri?"

Ningeweza kumwambia ni unyevu wa Dar. Ningeweza kusingizia mende. Nikamwambia ukweli wote, kodi, kelele mbele za watu, mlinzi wa kiwanda, mpaka lile neno la mfuko wa sukari. Nikamwambia baba yake alijua, alisema "hii inakunywa," na akachora hivyo hivyo ili tusigombane.

Akanyamaza. Muadhini akaita, akamaliza.

"Kodi mlilipa?" akauliza.

"Tulilipa."

"Basi." Akafunga begi, akafungua tena. "Lakini ningekuwa nazo 32, ba'mdogo."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Jumatatu tukaenda Kariakoo pamoja. Nilimwambia aache kwanza kuagiza nje, tuone kilichopo. Niliingia naye steshenari tatu, na kwenye kila moja tulinunua karatasi moja moja za kujaribia. Mwenye duka la pili akatuuliza kama tumekuja kununua au kufanya mtihani. Tukakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, binti akatoa kalamu yake ya kuchovya na chupa ya wino.

Jaribio ni rahisi, na wewe mzazi unaweza kulifanya. Piga mstari mwembamba wa wino, subiri ukauke, tazama kingo zake: zikiota manyoya, hiyo karatasi inakunywa, iache. Chora penseli, futa mara tatu mahali pale pale, kisha pitisha wino juu yake: ikiwa imechubuka, haifai. Geuza nyuma uone kama wino umetokeza. Pitisha nibu kwa kasi: ikikwama na kuvuta nyuzi, karatasi ni ya mikwaruzo, iache kwa wapaka rangi za maji. Na ile inayong'aa kama kalenda usiichukue, wino unakaa juu haukauki, ukipitisha kiganja umeshaharibu uso wa mhusika.

Tuliyoipenda ilikuwa kadi nyeupe, laini, ya gramu 160, karibu sawa na ile nzito ya Wajapani.

Kuhusu saizi tulibishana kidogo. Yeye alitaka B4 kama mabingwa. Nikamuuliza, kazi yako ikiisha inakwenda wapi? Akasema ataiskani aitume kwa simu, na baadaye achape kitabu kidogo. Na skana ya hapo Morogoro ni ya saizi gani? Akacheka. Ni A4. Ukichora B4 utaskani vipande viwili halafu uanze kuvishona kwenye kompyuta, kila ukurasa, kila siku. Tukakubaliana A4, fremu ya milimita 150 kwa 220 ajipigie mwenyewe kwa penseli ya bluu hafifu. Ile mistari iliyochapwa tayari, unayoinunulia kutoka nje, ni rula na dakika mbili tu. Nikamkumbusha tu kwamba siku akichora kikubwa cha kupunguzwa, anenepeshe mistari na akuze maneno. Herufi ya milimita tatu kwenye A3 inakuwa ya milimita mbili kwenye A4, na mstari mwembamba kama unywele unapotea kabisa.

Tukanunua kadi 50 na rimu moja ya fotokopi ya gramu 80 kwa mazoezi na rasimu, maana siyo kila unachochora kinastahili kadi. Hata baba yake rasimu alikuwa anachorea nyuma ya ramani za kontrakta. Njuluku nyingi za mama yake zikabaki. Sehemu yake tukazipeleka zile manila nne kuskaniwa, kila moja mara mbili kwa sababu haikuingia kwenye kioo, na kijana wa kompyuta akaziunganisha.

Siku aliyoondoka nilimfungia kurasa nne katikati ya mbao mbili nyembamba, zimelala, hazijakunjwa wala kuviringishwa, bila gundi wala selotepu, maana selotepu ikizeeka inaacha doa la njano lisilotoka. Nikamwambia aziweke juu, mbali na sakafu, mbali na ukuta wa nje, mbali na jua. Yale makombo ya kurasa 28 nilitaka kuyachoma. Akakataa. Aliyakusanya yote kwenye bahasha, mpaka vipande vidogo vya ukucha, akaiweka bahasha begani upande wa moyo.

Kwa hiyo wewe mwenye kijana anayejaza kauntabuku kwa vikatuni vya macho makubwa, usimfokee, na usikimbilie kumwagizia makaratasi ya ng'ambo. Akitaka kuchora kitu cha kumaliza, muulize kwanza kinakwenda wapi, apate umbo lake, kisha ampimie wino karatasi yake. Kadi kumi nzuri hazitamshinda mtu kodi. Mimi niliokoa kodi ya mwezi mmoja, na mwezi wenyewe siukumbuki.

Wiki tatu baadaye simu yangu ililia. Binti ametuma ukurasa wake wa kwanza. Mzee mmoja amejinyoosha kibarazani na msuli, redio pembeni, kitambi kimeniaibisha bure. Nikauvuta ukurasa chini taratibu mpaka mwisho.

Miguu yote miwili ilikuwepo, mpaka kandambili.